Elamu, Dameski na mistari miwili iliyokatwa

Tangu Ijumaa ile ya 13 Juni 2025, ndege za Israeli zilipoanza kuipiga Iran, maandiko ambayo Wakristo wengi walikuwa hawajawahi kuyasikia yakihubiriwa yamekuwa yakizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa kana kwamba ni taarifa ya habari. La kwanza ni Yeremia 49, kuanzia mstari wa 34, ambapo Bwana anaapa kuuvunja upinde wa Elamu na kuwatawanya watu wake kwenye pepo zote nne. Elamu, tunaambiwa, ni Iran. Upinde ni makombora na vinu vya nyuklia. Israeli yenyewe iliipa operesheni ile jina la simba anayeinuka, kutoka maneno ya Balaamu katika Hesabu 23:24, kwa hiyo wasomaji wengi wa Biblia waliona vita vyenyewe vimekuja na andiko lake. Miezi sita kabla, tarehe 8 Desemba 2024, utawala wa Bashar al-Assad nchini Siria ulipoanguka, zamu ilikuwa ya Isaya 17 na maangamizi ya Dameski, mji mkuu wa nchi hiyo. Na baada ya vita vya Gaza kuanza Oktoba 2023 wapo waliosambaza Amosi 1:7, moto juu ya ukuta wa Gaza. Kadi ya Elamu niliyotumiwa mimi iliishia mstari wa 37, penye upanga. Nilipofungua Biblia nikakuta mlango ule una mistari miwili zaidi: katika wa kwanza Mungu anakiweka kiti chake cha enzi huko huko Elamu, na katika wa pili anaahidi kwamba siku za mwisho atawarudisha watu wa Elamu waliohamishwa.

Mistari hiyo miwili ndiyo inayonisukuma kuandika. Manabii wa Kiebrania hawakusema juu ya mataifa ili msikilizaji apate kujua adui yake ataangushwa lini. Walikuwa wanamwonyesha msikilizaji huyo mizani, kisha wanamweka yeye mwenyewe juu yake. Kosa wanalolishitaki ni kiburi cha mwenye nguvu, na kiburi hicho wanakikuta Ninawi, Tiro, Misri na Yerusalemu bila kubadilisha kipimo. Tena kunyenyekezwa wanakokutangaza hakuishii kwenye magofu kila mara. Mara nyingi kuna mlango unaoachwa wazi, na ndio unaokatwa kwenye kadi zetu.

Maneno haya juu ya mataifa si vipande vilivyopotea pembeni mwa Biblia. Yanajaza Isaya 13 hadi 23, Yeremia 46 hadi 51, Ezekieli 25 hadi 32, milango miwili ya kwanza ya Amosi, Nahumu yote, na Obadia karibu yote. Yalisemwa kati ya karne ya nane na ya sita KK na watu wa falme mbili ndogo za milimani, Israeli kaskazini na Yuda kusini, zilizobanwa kati ya Misri na dola za Mesopotamia. Mwaka 701 KK Senakeribu wa Ashuru aliivamia Yuda, na katika maandishi yake mwenyewe kwenye udongo wa kuchomwa anajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye ngome na kumfungia mfalme Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Ni dola hiyo Isaya aliyoiita fimbo ya hasira ya Mungu, kisha akauliza kama shoka linaweza kujisifu mbele ya mtu anayelishika. Swali hilo la Isaya 10:15 lina ncha mbili. Ashuru itashushwa kwa kuwa ilidhani nguvu ni zake. Lakini kama Ashuru ni shoka, basi mti uliokuwa unakatwa ni Yuda, na aliyeinua shoka ni Mungu wa Yuda. Hakuna mtu wa Yerusalemu angeweza kusikia neno lile na kushangilia tu.

Amosi ndiye aliyelijenga jambo hili kwa ustadi kuliko wote, na inafaa kumfuata hatua kwa hatua. Alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa ya Yuda, akaenda kusema katika ufalme wa kaskazini yapata mwaka 760 KK, wakati mfalme Yeroboamu wa pili akiwa ameipanua mipaka na watu wenye mali wanalala juu ya vitanda vya pembe za ndovu. Anaanza na Dameski, walioipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Bila shaka vichwa vilitikisika kukubali. Kisha Gaza, waliochukua mateka watu wa mji mzima na kuwauza kwa Edomu. Kisha Tiro kwa kosa lilo hilo, Edomu aliyemfuatia nduguye kwa upanga, Amoni waliowapasua wajawazito ili wapanue mpaka. Moabu ndiye wa ajabu zaidi: anashitakiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Edomu! Taifa lililolaaniwa mistari michache tu juu yake. Aliyetendewa uovu hapo si Israeli wala rafiki wa Israeli, na bado Mungu anahesabu. Kisha Yuda. Msikilizaji wa kaskazini anapodhani orodha imekwisha, linakuja kosa la nane, refu kuliko yote: Israeli, kwa kuwa wamewauza wenye haki kwa fedha, na maskini kwa jozi ya viatu. Kumbe nabii alikuwa anaizunguka nyumba yao, na sasa amefika mlangoni.

Sisi wa pwani hii tunaweza kulisikia neno la Gaza kwa namna ambayo msomaji wa nchi nyingine hawezi. Mji mzima kuchukuliwa na kuuzwa kwa mtu wa tatu, anayeuza hana ugomvi na anayeuzwa, ni bei tu: hiyo ni Bagamoyo, hiyo ni Mkunazini kabla soko la watumwa la Unguja halijafungwa mwaka 1873. Amosi hakuuliza Wafilisti walikuwa wakiabudu nini. Aliuliza walimuuza nani. Kwa hiyo mtu anayekata Amosi 1:7 na kuibandika juu ya picha ya mtaa uliobomolewa, wa leo, wenye watu wengine kabisa, ameliondoa shitaka na kubakisha moto.

Kiburi chenyewe manabii wanakieleza kwa maneno ya kazi na mali, maneno ambayo mtu wa bandarini angeyaelewa mara moja. Ezekieli 27 ni karibu daftari la forodha: fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi, farasi, pembe za ndovu, ngano, asali, na katikati ya bidhaa hizo, zikitajwa kama bidhaa nyingine, nafsi za wanadamu. Mlango unaofuata mtawala wa Tiro anasema moyoni, Mimi ni Mungu. Farao anatajwa kama joka kubwa linalolala katikati ya mito yake na kusema kwamba mto ni wake, ameufanya yeye kwa ajili ya nafsi yake. Sisi tunaokaa kwenye vyanzo vya mto huo huo, Nile, tukisikia miaka yote hii nchi zikibishana nani ana haki ya maji yake, tungepaswa kusita kidogo kwenye Ezekieli 29:3 kabla ya kuamua Farao ni nani. Edomu naye, kwa Obadia, alidanganywa na majabali yake, akadhani hakuna wa kumshusha kutoka juu kule; na kosa lake kubwa ni kwamba Yerusalemu ilipoangushwa alisimama kando akitazama, kisha akanyosha mkono juu ya mali. Kote ni lile lile: bandari, mto, jabali, kitu kilichopewa mtu kikamfanya asahau kwamba amepewa.

Wapo wanaosoma tofauti nami, na hoja yao iliyo imara haistahili kupuuzwa. Wanasema: Isaya 17:1 inatamka kwamba Dameski utaondolewa usiwe mji. Lakini Dameski ni miongoni mwa miji iliyokaliwa na watu kwa muda mrefu kuliko karibu yote duniani, na haijawahi kuacha kuwa mji. Basi, ikiwa neno la Mungu halidanganyi, utimilifu uko mbele yetu. Naiheshimu hoja hii kwa sababu inatoka kwa mtu anayeamini kwamba maneno yana uzito. Lakini inasahau wakati. Isaya alisema hayo mfalme Resini wa Dameski na mfalme Peka wa Israeli walipofanya shauri la kuipiga Yerusalemu ya mfalme Ahazi, na mwaka 732 KK Tiglath-pileseri wa tatu wa Ashuru aliuteka Dameski, akawahamisha watu wake, akamuua Resini, kama 2 Wafalme 16:9 isemavyo. Ufalme ule wa Washami haukuinuka tena. Na neno lenyewe halikai Dameski muda mrefu. Ukifika mstari wa nne unaambiwa utukufu wa Yakobo utafifia na mwili wake kukonda, na Isaya anaendelea na Israeli kwa mistari mingi kuliko aliyompa Msiria. Dameski ilikuwa mstari wa kwanza wa onyo kwa watu wa nyumbani waliomfanya mshirika wa vita.

Tena manabii wenyewe hawakuogopa neno lililotimia kwa njia nyingine. Ezekieli alitangaza kwamba Nebukadreza, mfalme wa Babeli, angeivunja Tiro na kuteka utajiri wake. Mfalme huyo aliuzingira mji ule kwa muda wa miaka 13. Halafu katika Ezekieli 29, kwenye neno la mwaka 571 KK, nabii huyo huyo anaandika wazi kwamba kila kichwa kilipata upara na kila bega lilichunika, na jeshi halikupata mshahara wowote kutoka Tiro. Kwa hiyo Mungu atampa mfalme huyo Misri iwe mshahara badala yake. Hakulifuta neno la kwanza, wala hakuona haya kuliweka la pili karibu nalo. Kisiwa cha Tiro kilikuja kutekwa na Aleksanda mwaka 332 KK, karne mbili na zaidi baadaye. Kitabu kilichohifadhi yote mawili kinatuambia wahusika hawakukichukua kama ratiba ya treni. Yeremia 18 analiweka kama kanuni ya nyumba ya mfinyanzi: taifa lililotamkiwa kung'olewa likigeuka, Mungu ataghairi. Yona alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana alikasirika. Alitangaza siku 40, Ninawi wakavaa magunia, na mji ukabaki, na kitabu kinaishia kwa swali juu ya watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Mtu anayengoja kwa hamu Dameski iteketee, mji wenye mamilioni ya watu na makanisa ya zamani, amekaa chini ya mtango wa Yona, kivuli ambacho nabii huyo alikaa akingoja kuona mji utapatwa na nini.

Upande wa pili wapo wasomi wanaosema haya yote ni propaganda ya vita ya kale. Misri waliandika majina ya maadui kwenye vyungu wakavivunja; Waebrania nao, wanasema, walifanya hivyo kwa mashairi. Kuna ukweli ndani yake. Nahumu anafurahia kuanguka kwa Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ambako kulitokea mwaka 612 KK, na sitajaribu kumfanya alie. Watu waliokuwa wameishi karne nzima chini ya jeshi lililowachuna mateka ngozi na kulichonga tendo hilo ukutani mwa ikulu walikuwa na haki ya kupumua. Lakini propaganda haimlilii adui. Isaya 15 na 16 moyo wa anayesema unamlilia Moabu, machozi yake yanamwagika juu ya Heshboni na mizabibu ya Sibma, na Yeremia 48 analia vivyo hivyo. Propaganda haimalizii kwa kuipa Misri jina la watu wangu na Ashuru kazi ya mikono yangu, wakitajwa kabla ya Israeli, kama Isaya 19 inavyofanya. Wala haiwaulizi Waisraeli, kama Amosi 9:7, kama wao si sawa na Wakushi machoni pa Mungu, na kama si yeye aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Washami Kiri vilevile alivyowatoa wao Misri. Yaani hata kutoka utumwani, jambo walilojivunia kuliko yote, Amosi anawaambia kwamba maadui zao nao walitolewa na Mungu huyo huyo.

Sasa nirudi kwa Elamu, maana hoja inayozunguka zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasimama juu ya kulinganisha majina tu: Elamu ni Iran, upinde ni kombora. Waelami walisifika kwa kutumia upinde. Isaya 22:6 anamwona Elamu akibeba podo. Neno la Yeremia lina tarehe, mwanzo wa kutawala kwake Sedekia, mfalme wa Yuda, yaani yapata 597 KK, na Elamu wa wakati ule alikuwa taifa ambalo jiji lake Shushani lilikuwa limeshasagwa na Waashuri nusu karne kabla. Lakini hata tukikubali kwamba Elamu ni jina la nchi ile hadi leo, hoja inawageukia wanaoitumia. Shushani ndiko Nehemia alikomimina divai ya mfalme na Esta alikovaa taji. Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi warudi kujenga baada ya Babeli kuanguka mwaka 539 KK, alijiita mfalme wa Anshani, mji wa kale wa Waelami. Isaya 45 anamwita masihi wa Bwana, ingawa hakumjua Bwana. Mwezi Machi 2018 Benjamin Netanyahu alimlinganisha Donald Trump na Koreshi, na wahubiri wengi wamelishika hilo. Basi tunamtaka Koreshi awe rafiki yetu na Elamu awe adui yetu, ilhali Koreshi alitoka huko huko. Na siku ya Pentekoste, katika orodha ya Matendo 2, Waelami wametajwa miongoni mwa waliosikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yao.

Kuna mwaka mmoja ninaotamani kila anayesambaza unabii wa vita aukae kwa muda: mwaka wa nne wa Sedekia, kama 593 KK. Mwezi wa tano wa mwaka huo, hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, Hanania alisimama akatangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya Babeli na kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na wafungwa watarudi. Akaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia akaivunja. Hilo ni neno la kumshusha adui mwenye kiburi, na Babeli kwa kweli ilikuja kushushwa. Hata hivyo Yeremia alimwambia kwamba Bwana hakumtuma na kwamba anawatumainisha watu uongo, na Hanania akafa mwaka huo huo mwezi wa saba. Kosa lake halikuwa kwamba aliitabiria Babeli anguko. Aliwapa watu anguko la adui mahali pa toba yao wenyewe. Mwaka ule ule Yeremia naye alikuwa na maneno makali kuliko ya Hanania, mabaya yote yatakayoijia Babeli, yameandikwa katika kitabu kimoja. Alilifanyia nini neno hilo? Yeremia 51 inasema alimpa Seraya aliyekuwa anasafiri na msafara wa mfalme, akamwagiza alisome huko huko Babeli, alifunge jiwe, alitupe katikati ya Frati. Wakati huo wafungwa, kwa barua yake ya mlango wa 29, walikuwa wameshaagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani mji ule uliowahamisha. Neno la kweli juu ya dola lilizama majini mbali na nyumbani, na hekaluni Yerusalemu watu walisikia juu ya dhambi zao.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu napenda makanisa yetu. Naona mimbari za Afrika Mashariki zikiweza kutaja vituo vya nyuklia vya Iran, Fordow na Natanz, kwa majina, huku Isaya 5:8, juu ya wanaounganisha nyumba na nyumba na shamba na shamba mpaka hakuna nafasi, haijasomwa katika kijiji ambacho mjane amenyang'anywa kiwanja na shemeji zake, na aliyesimamia mauziano ameketi viti vya mbele. Danieli, alipomfasiria Nebukadreza ndoto ya mti mkubwa, hakumwambia lini ufalme utakwenda kwa mwingine. Alimsihi aache dhambi zake kwa kuwahurumia maskini, huenda raha yake ikaongezeka. Kama mfalme wa Babeli alipewa nafasi hiyo, waamini wa Morogoro na Kisumu wanastahili kuisikia pia, kutoka kwa mtu anayewajua kwa majina.

Gharama yake ipo. Yeremia aliposema hekalu litakuwa kama Shilo, mahali pa ibada pa zamani palipoachwa magofu, makuhani na manabii walidai auawe. Wazee wa nchi wakasimama wakakumbusha kwamba Mika Mmorashti aliwahi kutamka Sayuni italimwa kama shamba, na Hezekia hakumuua. Alimcha Bwana, na Bwana akaghairi. Kumbukumbu hiyo ya wazee, pamoja na mkono wa Ahikamu mwana wa Shafani, ilimwokoa Yeremia. Lakini mlango huo huo, wa 26, unamtaja nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya wa Kiriath-yearimu, aliyesema juu ya mji wake maneno kama ya Yeremia. Alikimbilia Misri. Mfalme Yehoyakimu akatuma watu wakamrudisha, akamuua kwa upanga, na maiti yake ikatupwa katika makaburi ya watu wasio na cheo.